Mkwe Hatazamwi

Balbina alimjua baba mkwe wake kwa miguu. Uso wake hakuujua. Tangu alipoolewa na Agapiti, yule mzee akija Ifakara kutoka Malinyi alikohoa kwanza nje ya ua, naye Balbina akajua ampishe. Alivuta kitenge juu ya kichwa, akapiga magoti kando ya mlango ameelekea ukutani, akasema, "Shikamoo baba," na sauti ya mzee ikajibu, "Marahaba mama," kana kwamba ni ukuta uliomwamkia. Alichokiona ni miguu miwili mirefu yenye magaga, na ncha ya fimbo. Chakula alikiweka juu ya kigoda, akarudi jikoni. Bakuli likirudi tupu, alijua mzee ameridhika. Likirudi na mabaki, alijua kuna neno, na neno hilo lingemfikia baadaye kwa kinywa cha mtu mwingine.

Ndivyo ulivyoishi ukoo ule wa Mzee Kelestini. Mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawakai chumba kimoja. Majirani wengi walikwisha kuyaacha hayo. Walikula meza moja na wakwe zao, wakaangalia taarifa ya habari pamoja, wakabishana juu ya mpira. Ukoo wa Kelestini haukuacha. Walisema mkwe hatazamwi, wakafunga mdomo, kama watu waliomaliza kusali.

Na mwanamke huyo aliyekatazwa kutazama uso mmoja, riziki yake ilikuwa kutazama nyuso.

Alifanya kazi katika kliniki ndogo ya macho, nyuma ya soko la Ifakara. Alianza kama mpiga deki. Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipofariki, na hakukuwa na mtu aliyemuuliza kama ameipenda au la. Sista mmoja mzee aliyeendesha kliniki wakati ule alimwona anavyowashika wagonjwa mkono na kuwaketisha bila kuwafokea, akamfundisha kazi kidogo kidogo, leo hili, kesho lile. Sista alirudi kwao, akafa huko. Balbina alibaki. Alipima watu uwezo wa kuona kwa kibao chenye alama kama uma wa meno matatu. Mgonjwa hahitaji kujua kusoma, anaonyesha tu kwa vidole meno yameelekea wapi, juu, chini, kulia au kushoto. Alitia matone. Aling'oa kope zilizogeukia ndani na kuchoma jicho. Alipima presha ya macho kwa kidude mfano wa kalamu, kinachogusa kioo cha jicho baada ya kutiwa ganzi. Daktari wa upasuaji alikuja kwa zamu kutoka mbali. Siku nyingine zote kazi ilikuwa ya Balbina na kijana mmoja aliyetoka chuoni, Amedeus, mtu wa Rombo, mcheshi, asiye na majivuno.

Wakati wa mavuno benchi la kliniki lilijaa watu waliochomwa jicho na majani ya mpunga. Wengi walikuwa wamekwisha kujitibu nyumbani.

"Umeweka nini humu?" Balbina aliuliza, ameinua kope ya mtu kwa kidole gumba.

"Sijaweka kitu, dokta."

"Mbona pana kijani?"

"Labda ni mpunga wenyewe."

"Mpunga gani huo uliotwangwa ukachujwa na kitambaa? Nani amekupa dawa?"

"Shangazi."

"Kesho mlete shangazi. Namtaka yeye na kinu chake."

Benchi zima lilicheka, mgonjwa naye akacheka huku machozi yanamtoka. Watu walimpenda hivyo, kwa maneno yake makavu na mkono wake mwepesi. Lakini wajue wasiojua: kazi ile ni ya karibu sana. Ukimpima mtu presha ya jicho, pua yako na yake zinakaribia kugusana. Unajua alichokula, unajua kama amelala vibaya, unajua kama amelia. Balbina aliyajua macho ya nusu ya wanaume wa bonde kuliko wake zao walivyoyajua. Na watu wa kwao Agapiti walilijua jambo hilo, wakaliweka moyoni.

Mwanzoni mwa kiangazi, barabara ilipokauka, kliniki ilikwenda Malinyi kutoa huduma ya mkoba. Walipanga viti kwenye baraza la zahanati, Balbina na kibao chake mwanzoni mwa foleni, Amedeus ndani na vipimo vingine. Watu walijaa uwanja. Karibu na saa sita Balbina aliona miguu. Aliitambua kabla hajakumbuka kuinamisha kichwa.

Mzee Kelestini alikuwa anakuja kushika nafasi. Ng'ambo ya uwanja alisimama mdogo wake, Hermenegildi, na pikipiki yake. Mzee akamwita kutoka huku, sauti safi: "Hermenegildi, naona hicho chuma chako kimepona." Kisha akapiga hatua moja, akaligonga benchi lililokuwa kando tu ya goti lake, akaangukia mikononi mwa watu.

"Mzee ameanza mapema leo," mtu mmoja alisema. Wakacheka. Mzee mwenyewe akacheka.

Balbina hakucheka. Aliyeona pikipiki ng'ambo ya uwanja asione benchi la kando yake, huyo hana mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu, hufunika mbele na pembeni sawasawa, na ukungu huo daktari huuondoa. Hii ilikuwa presha ya macho. Presha ya macho hula kuanzia ukingoni, kama panya anavyokula mkeka, haina maumivu, haina haraka, mpaka kinabaki kitundu katikati. Siku moja nacho huzibika. Na kilicholiwa hakirudi, hata uende Muhimbili, hata uende India. Linaloweza kuokolewa ni lile lililobaki, kwa matone ya kila siku, likiwahiwa.

Alimwita mgonjwa anayefuata. Sauti yake ilitoka, na mzee akaisikia. Miguu ile mirefu ikasimama, ikageuka, ikaanza kuondoka.

"Amedeus," Balbina alisema mlangoni, "mfuate yule mzee. Usimwache aende."

Amedeus alimkuta karibu na geti.

"Shikamoo mzee. Mbona unaondoka na zamu yako imekaribia?"

"Marahaba. Yule mama mwenye kibao ni nani?"

"Mama Tekla, wa kwetu Ifakara."

"Ni mkwe wangu."

"Kumbe! Basi umefika nyumbani, mzee wangu."

"Ndiyo maana naondoka."

Amedeus alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani alisema, "Nitakupima mimi mwenyewe. Yeye atatoka nje kabisa."

"Hata akitoka. Kiti alichokalia mke wa mwanangu nikikalie mimi, watu wananiangalia? Nitakuja siku ambayo hayupo."

Na pale akatokea Evelina, binti yake mkubwa, akamshika mkono. Evelina aliolewa Lupiro, akaachwa, akarudi kwa baba yake, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyeshika funguo. Aliangalia baraza lile, akamwona wifi yake na kitambulisho chake kifuani, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Baba ana mtoto wa jicho, na bado hajaiva. Akiiva tutampeleka. Hatuna haraka ya kuaibishana."

Jioni ya siku iliyofuata, Balbina akiwa amerudi Ifakara, alimwekea mumewe chakula. Agapiti alikuwa msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa mtu mpole, na nitasema ukweli, upole wake haukuwahi kumfaa mtu yeyote.

"Baba yako anakuwa kipofu," Balbina alisema.

"Ni uzee, mama Tekla."

"Si uzee. Ni presha ya macho. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

"Umempima?"

"Nitampimaje?"

"Sasa umejuaje?"

"Mlete Ifakara. Mpeleke kliniki wewe mwenyewe, Amedeus atampima, mimi siku hiyo nitashinda sokoni. Nitashinda hata kanisani kama mnataka. Ni kumleta tu."

"Nitazungumza na dada."

Maneno hayo, nitazungumza na dada, ndiyo yaliyokuwa dini ya Agapiti. Aliyasema alipotaka kuoa, aliyasema walipotaka kujenga, aliyasema Tekla alipotaka kwenda shule ya bweni. Alizungumza na dada. Dada alisema tuvune kwanza. Wakavuna. Dada akasema tuuze. Wakauza. Kisha simu ya dada ikawa haipatikani.

Ukoo ule ulikuwa na njia ya kulegeza mwiko. Waliita kufungua uso. Mkwe huleta kuku mweupe, mama wa nyumba humnyunyizia maji yenye unga, kisha mkwe na mzee hula sahani moja siku hiyo, na tangu hapo wanaweza kutazamana, kuuguzana, hata kushikana. Ilifanyika pale mzee alipokuwa hana wa kumtunza ila mke wa mwanawe. Kwa kuwa mama wa nyumba alikuwa amefariki, aliyesimama mahali pake ni Evelina.

Balbina alimtafuta kuku mweupe asiye na doa. Alimpata Kibaoni, akampakata kwenye basi mpaka Malinyi, kuku akimharibia kitenge njia nzima. Alimkuta Evelina uani anapepeta mchele, na wanawake wawili wa jirani wamekaa naye. Mzee alikuwa ndani. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa mlangoni.

Balbina alipiga magoti.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba. Umetuletea kitoweo?"

"Nimekuja kuomba mnifungulie uso wa baba."

Ungo ulisimama. "Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Macho ya baba yanaisha, wifi. Nataka nimpime, nimwanzishie matone. Tukikaa hivi mpaka mwakani, hakutakuwa na la kumtibu."

"Ana mtoto wa jicho."

"Huyu siye."

"Mama yetu naye alikuwa naye. Watu wa kliniki yenu hiyohiyo walituambia tungoje aive. Tukangoja. Akapasuliwa, akakaa pale ulipo wewe akatunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Leo wewe unakuja kuniambia mengine."

"Ya mama yalikuwa ya mama. Ya baba ni mengine."

"Umempima?"

Swali lilelile. Aliyekatazwa kupima aliulizwa kama amepima, na kila mmoja aliliona ni swali la haki.

"Nimemwona anavyotembea," Balbina alisema.

"Aa. Umemwona." Evelina aliwageukia wale majirani. "Mnasikia? Anamwona mkwewe anavyotembea." Wakaguna. "Nikwambie kitu, wifi. Hufunguliwa uso mkwe aliyempikia mzee, aliyemlimia, aliyemfulia. Wewe jembe lako liko wapi hapa? Shamba la baba unalijua mpaka wake? Wewe unashika nyuso za wanaume kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wa Mlimba, wa Mchombe, Wasukuma na ng'ombe zao, wote umewapumulia puani. Bakiza uso mmoja."

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akashika kiuno. Balbina alikaa palepale kwenye magoti yake. Alisubiri sauti kutoka ndani. Alijua mzee yuko macho na anasikia, kwa sababu ukuta ule ulikuwa wa udongo na mlango wazi. Sauti haikuja. Kilichokuja ni kikohozi, kile cha kumwambia mkwe apishe njia.

Kuku alipokelewa. Uso haukufunguliwa.

Nisiseme kwamba Evelina alitaka baba yake apofuke. Hakutaka. Aliamini kweli kwamba kuna kitu kinaiva mle jichoni, kama embe, na kwamba kazi yake ni kukilinda kisichumwe mapema. Lakini aliamini na jingine pia, ambalo hakulisema. Mzee akipelekwa Ifakara kutibiwa, akalala kwa Agapiti, akazoea, basi anayekaa na mzee ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye shamba la bondeni, na mwanamke aliyeachika anarudi kuwa mgeni kwao. Hofu hiyo naielewa. Balbina naye aliielewa, akamwonea huruma, na huruma hiyo haikumsaidia mtu.

Gari la mkoba lilipokwenda tena Malinyi kabla ya mvua, Balbina alibaki Ifakara kusudi, ili mzee apate ile siku aliyoitaka, ambayo yeye hayupo. Alimpa Amedeus maelekezo ya nyumba. Amedeus alifunga baraza mapema, akaenda mwenyewe kwa miguu na vipimo mkobani.

"Hawakunifungulia," alimwambia Balbina aliporudi, hamtazami. "Yule mama alisimama mlangoni. Alisema nimetumwa na wewe. Alisema mzee hana presha, mwenye presha ni mkewe Agapiti."

"Na mzee?"

"Nilimwona nyuma yake. Alikuwa anapapasa ukuta."

Usiku haujaingia, sauti ya Evelina ikawa kwenye grupu la ukoo, kila simu, Malinyi, Mahenge, mpaka kwa wajukuu walioko Morogoro. Balbina aliisikiliza jikoni. "Ndugu zangu, habari za jioni. Leo mke wa kaka ametuletea kijana wake aje kumshika baba macho. Mimi nimemrudisha. Kama kuna mtu anaona nimekosea, aseme hapahapa." Wajukuu waliweka vichwa vya kucheka. Mmoja aliandika, "Aunt moto." Hermenegildi aliweka mikono ya kusali. Agapiti aliisikiliza mara mbili, akaiweka simu kwenye chaji.

"Husemi kitu?" Balbina alimuuliza.

"Nikisema nitawasha moto."

"Moto unawaka, baba Tekla. Unaniunguza mimi tu, ndiyo maana huusikii."

Mvua zilikuja. Wakati wa kupandikiza miche, mzee alitoka asubuhi kwenda kuangalia maji shambani, njia aliyoipita tangu ujana wake, akatumbukia kwenye mfereji. Walimkuta amekaa ndani ya maji mpaka kifuani, ametulia, anauliza kama kumekucha. Jua lilikuwa limepanda.

Hapo ndipo Evelina alipoona kwamba ameiva.

Walimleta Ifakara kwa gari la kukodi. Evelina, Hermenegildi, na shuka jipya la hospitali. Ilikuwa siku ya daktari. Balbina alipoona miguu ile inaongozwa kwenye korido, na fimbo inagonga kila mlango, alitoka nje kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye mashine ya maji. Alifanya kama alivyofundishwa. Amedeus alimpima. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, jicho la kulia, la kushoto, tena la kulia. Kisha aliwaita watoto wa mzee. Agapiti alikuwa amefika mbio kutoka kwenye mashine, pumba kwenye nyusi.

Daktari aliwaeleza bila kuwazungusha. Hakuna cha kupasua. Mtoto wa jicho hayupo. Ni presha ya macho, imekaa miaka, mishipa ya macho yote mawili imekufa. Angeletwa mwaka jana, au hata miezi michache nyuma, kile kidogo kilichokuwapo kingehifadhiwa, angekwenda nacho kaburini. Sasa atapewa matone ya kutuliza maumivu tu, kwa sababu maumivu yatakuja.

Evelina alikaa chini sakafuni. Alilia kilio cha kweli, na watu wa benchini wakasimama kumtazama. Alipomaliza kulia akainua kichwa, akasema, "Na mtu wa macho tunaye nyumbani kwetu."

Watu wa benchini walisogea karibu.

"Tunaye nyumbani kwetu," Evelina alirudia. "Anatibu Wasukuma, anatibu watu asiowajua. Baba wa mumewe amemwacha apofuke."

Balbina alikuwa amerudi mlangoni kuchukua ndoo. Watu wote walimgeukia, wagonjwa wake mwenyewe, wengine wakiwa na matone yake machoni. Alimtafuta Agapiti kwa macho. Agapiti alikuwa anafuta pumba usoni. Amedeus alisema, "Jamani, si haki, huyu mama alikuja mpaka kwenu..." Hermenegildi akamnyooshea mkono, akamwambia, "Kijana, haya ni ya ukoo."

Neno hilo lilitembea. Kwenye jumuiya, Alhamisi, waliposali nyumba kwa nyumba, wanawake walimsogelea Balbina kidogo pungufu ya siku zote. Mama Agnella, mwenyekiti wao, aliomba tuwaombee wale wenye vipawa wanaowanyima watu wao. Hakutaja jina. Balbina aliitikia "Twakuomba utusikie" pamoja na wengine, angefanyaje. Kliniki, mwanamke mmoja kutoka Mchombe aliyemleta mama yake alimuuliza kwa upole, "Dokta, ni kweli yale tunayoyasikia?" Balbina alimwambia mama atazame juu, akatia tone.

Huyo ndiye mtu aliyeng'oa kope za bonde zima. Naandika haya kwa sababu waliosema wamesema, na walisema bila kuulizwa.

Baada ya masika kikao cha ukoo kilikaa Malinyi. Balbina hakuitwa. Agapiti alirudi na gari, na ndani ya gari alikuwamo baba yake, godoro, na mfuko wa nguo. Evelina alikuwa amekaa mbele.

Hermenegildi ndiye aliyeleta maneno ya kikao. Aliyasema uani, amesimama. "Mama Tekla, tumekaa tukaona. Mwiko wa mkwe ni wa uso kwa uso. Kaka sasa hana macho ya kukutazama, kwa hiyo mwiko umekwisha wenyewe. Matone yake anayatia nani Malinyi? Evelina mkono unamtetemeka. Wewe ndiyo kazi yako. Tumeamua akae kwako."

"Na kufungua uso?" Balbina aliuliza.

"Hakuna haja ya kuku. Tumekupunguzia."

"Na shamba la bondeni, wifi," Evelina aliongeza kutoka kwenye gari, "lisikusumbue, nitalitunza mimi. Wewe una kazi nyingi."

Agapiti alikuwa amekwisha kushusha godoro. Balbina alitazama mgongo wake jinsi unavyohangaika na godoro lile mlangoni, akaona kwamba hata angesema hapana, hapana yake ingekuwa imekuja baada ya godoro. Alipisha.

Asubuhi alifanya lile ambalo alilitaka mwaka mzima, na ambalo halikuwa na maana tena. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya baba mkwe wake, akamtazama. Ulikuwa uso wa kawaida. Kovu dogo kwenye shavu, ndevu nyeupe zilizonyolewa vibaya na Evelina, nyusi za Agapiti. Yote yale yalikuwa kwa ajili ya uso huu. Macho yalikuwa wazi, mboni zimepanuka, zinaelekea mahali alipo bila kumfikia.

"Baba, shikamoo. Ni mimi. Nakutia dawa."

"Marahaba." Mzee alisogea nyuma, mazoea. Kisha akaacha. Balbina alimshika kidevu, akamwinulia kope. Tone likaingia.

"Mkono wako mwepesi," alisema. "Evelina ananichoma."

"Ndiyo kazi yangu."

"Ungenishika siku ile pale zahanati, leo ningekuwa naona mpunga wangu."

Balbina alishusha mkono. Jikoni sufuria ya uji ilikuwa inachemka, akaiacha ichemke.

"Ulinikimbia, baba."

"Mimi ni mzee. Mzee ana aibu zake. Wewe ndiye uliyejua."

"Nilikuja na kuku. Ulikuwa ndani."

Mzee alisugua goti.

"Nilikaa kwenye magoti uani kwako, wananicheka. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ulikohoa."

Mzee aliipapasa fimbo yake, akaipata, akaiweka juu ya mapaja. "Ningesema nini, mama?" alisema mwishowe. "Evelina ndiye aliyekuwa ananipikia."

Hakulisema kwa kuomba radhi. Alilisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali. Balbina alingoja labda kuna lingine linakuja nyuma yake. Halikuja.

"Bado la kushoto," alisema. "Tazama juu, baba."

Mzee aliinua uso, akatazama juu. Balbina akatia tone, akambonyeza kwenye kona ya jicho dawa isivuje, akamfuta shavu kwa pamba. Kisha aliepua uji, akampa mkononi bakuli na kijiko, akamwambia ni wa moto. Alichelewa kazini. Alipofika kliniki benchi lilikuwa limejaa, na mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa ameweka dawa ya majani jichoni, na alisema hajaweka kitu. Balbina hakumtania. Alimwambia akae, avute kiti karibu, karibu zaidi, akamshika uso.